Jamani, zimeni hizo flashi!



Leo naomba siasa tuipumzishe kidogo, na mpira nao tuupe likizo ya siku moja. Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu, na kila nikitoka kwenye onyesho la ngoma usiku linanirudia. Linatuhusu sisi wapiga picha, linawahusu wahariri wetu, na siku hizi linamhusu kila mwenye simu mfukoni, yaani sote.

Hebu fanya utafiti mdogo. Tafuta picha za onyesho lolote la ngoma lililofanyika usiku, za magazetini au za mtandaoni, uziangalie kwa makini. Nyingi zinafanana kama mapacha. Mchezaji kamulikwa usoni kama mwizi aliyenaswa na tochi ya sungusungu. Nyuma yake giza tupu. Jasho limegeuka madoa meupe shavuni. Macho kayafumba nusu. Ukifuta yale maelezo ya chini ya picha huwezi kujua kama pale ni Bagamoyo, ni harusi ya Sinza au ni kicheni pati ya shangazi yako!

Sasa jiulize, waliokuwa ukumbini ndivyo walivyoona? Hata kidogo. Wao waliona mwanga wa rangi ya chungwa ukitokea ubavuni na kuchora mgongo wa mchezaji. Waliona nusu ya uso, kwa sababu nusu nyingine iliachwa gizani kwa makusudi. Waliona mkono ukichomoza kutoka kwenye weusi na kurudi humo humo. Yote hayo picha imeyafuta kwa kufumba na kufumbua.

Msimamo wangu ni huu, na niko tayari kuutetea: flashi kwenye onyesho la jukwaani haimsaidii mpiga picha, inamdanganyia. Ni afadhali picha yenye chenga inayosema kweli kuliko picha safi inayosema uongo.

Giza lile lina mwenyewe

Watu wengi wanadhani taa za jukwaani zimewekwa ili watu waone. Kama ingekuwa hivyo tu, tungefunga tyubu laiti nne darini tukamaliza kazi. Nyuma kabisa ya ukumbi, mahali ambapo hakuna anayegeuka kutazama, kuna mtu amekaa na ubao wa swichi mbele yake. Huyo ni fundi taa. Amehudhuria mazoezi, anajua ngoma ya tatu inaanza kwa utulivu na ya tano ina fujo, na ameamua nini kionekane na nini kifichwe.

Kila upande taa inakotokea una kazi yake. Ya mbele inaonyesha uso, lakini inaubapa mwili, ukawa kama picha iliyobandikwa ukutani. Ya nyuma inamtenga mchezaji na pazia. Ile ya ubavuni, inayofungwa usawa wa kiuno au bega, ndiyo rafiki mkubwa wa dansi, kwa sababu inauchonga mwili kama mchonga vinyago anavyochonga mpingo: misuli inatoka, mbavu zinahesabika, kiuno kinasoma. Ndiyo maana kwenye maonyesho ya dansi utaona nguzo za taa zimesimama kulia na kushoto kwa jukwaa.

Mwaka 1892 Mmarekani Loie Fuller aliwaacha watu wa Paris midomo wazi katika ukumbi wa Folies Bergère. Alicheza ndani ya vazi la hariri pana sana, huku taa za umeme za rangi mbalimbali zikilimulika. Vazi likawa ua, likawa moto, likawa kipepeo. Ziondoe taa zile, kinachobaki ni mama mmoja anapunga shuka. Yaani taa zilikuwa nusu ya dansi yenyewe.

Na usije ukaniambia hayo ni mambo ya Ulaya. Bibi zetu walicheza mbalamwezini na kando ya moto. Vijana wa kijijini walisubiri mwezi mpevu ili ngoma ikolee. Moto unakupa sura ya mtu kwa nusu nusu, unatikisika, na ngoma inatikisika nao. Mwanga mdogo ulikuwa sehemu ya ngoma zetu kabla mtu yeyote hajavuta waya wa umeme.

Sasa flashi inafanya nini hapo? Taa za jukwaani za kizamani, zile zenye waya unaowaka ndani, zina joto la rangi la karibu 3,200 Kelvini, manjano ya jioni. Flashi ina karibu 5,500, ambao ni mwanga wa saa sita mchana. Kwa hiyo ukifyatua flashi saa tatu usiku umeliingiza jua la utosi ukumbini, tena kutoka mbele, upande ule ule unaoubapa mwili. Kazi ya wiki mbili ya fundi taa inafutika papo hapo.

Kwenye ngozi zetu nyeusi ndiyo balaa zaidi. Mcheza ngoma anatoka jasho, na jasho linarudisha mwanga wa flashi moja kwa moja kwenye lenzi. Ndiyo yale madoa meupe. Mwanga wa ubavuni unapopita juu ya ngozi hiyo hiyo yenye jasho, mwili unang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Jasho ni lile lile na mtu ni yule yule, tofauti ni mwanga umetoka wapi.

Hesabu ambayo haidanganyi

Wapo watakaosema, "Wewe unaleta falsafa, mimi nataka picha itoke." Haya, tuache falsafa, tupige hesabu.

Mwanga wa flashi unapungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Ukienda mbali mara mbili, unabaki robo. Chukulia umekaa katikati ya ukumbi, mchezaji yuko mita 16 kutoka ulipo, na mbele yako mita 2 kuna mzee na kofia yake. Mchezaji yuko mbali mara 8 kuliko kofia, kwa hiyo kofia itapata mwanga mara 64 zaidi ya mchezaji! Umesafiri mpaka Bagamoyo kupiga picha ya kofia.

Flashi ndogo iliyojengewa juu ya kamera za kawaida, ukiwa na ISO 400 na lenzi uliyoivuta mpaka f/5.6, inafika kama mita 4 tu. Baada ya hapo haina kazi. Flashi ya simu ndiyo usiseme kabisa. Lakini ukumbini utaona watu wa safu ya mwisho wanazifyatua kama fataki za mwaka mpya. Mchezaji hapati mwanga wowote wa maana kwenye picha, ila macho yake yanapata usumbufu wote.

Na usumbufu huo si mdogo. Dada mmoja anayecheza dansi ya kisasa hapa Dar aliwahi kunieleza kwamba anapozunguka kwa kasi huwa anachagua nukta moja mwisho wa ukumbi, na kila mzunguko macho yake yanairudia nukta hiyo. Ndiyo inayomshikia mizani. Ikipigwa flashi karibu na nukta ile, anabaki na doa la mwanga machoni na hajui tena mbele ni wapi. Sasa fikiria yuko juu ya mabega ya mwenzake, au anarukia mikono ya mtu. Kwa ajili ya picha ambayo hata haitatoka vizuri, tunahatarisha goti la mtu ambaye goti ndilo shamba lake.

Bila flashi inatokaje?

Inatoka, tena bila uchawi. Kamera ina milango mitatu ya kuingizia mwanga: ukubwa wa tundu la lenzi, kasi ya shata, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga. Flashi ikifungwa, hii mitatu ndiyo inayofanya kazi.

Anza na lenzi. Ile inayokuja na kamera dukani, ukiivuta, tundu lake ni f/5.6. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi ni miongoni mwa lenzi zao za bei ya chini, inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Badala ya kuhangaika na flashi kubwa ya bei mbaya, nunua hiyo, halafu sogea mbele.

Kisha pandisha ISO bila woga. Kutoka 400 hadi 3200 umejipatia mara 8. Kamera za leo zinafika 6400 na zaidi, na picha bado inachapika gazetini.

Halafu hamisha kamera kutoka kwenye mfumo wa kujiamulia yenyewe. Kamera ni mashine yenye hofu, ikiona pazia jeusi limejaa kwenye fremu inadhani kila kitu ni giza, inaongeza mwanga, na uso wa mchezaji unaungua ukawa mweupe kama karatasi. Pima mwanga kwenye uso au bega lake, uache pazia liwe jeusi, maana ni jeusi kweli. Piga kwa faili ghafi ili rangi uirekebishe baadaye. Na taa za LED za buluu na nyekundu ziangalie kwa jicho kali, kwa sababu rangi moja inaweza kujaa pomoni na kupoteza kila mkunjo wa nguo huku kipimo cha kamera kikikwambia mambo shwari.

Imebaki kasi ya shata, na hapa ndipo mpiga picha wa ngoma anapotofautiana na mpiga picha wa harusi. Kukamata mruko ukiwa katikati ya mwendo unahitaji 1/500 ya sekunde au zaidi, na mwanga wa kutosha kasi hiyo mara nyingi hakuna. Lakini kila kinachorushwa juu, hata embe, kinafika mahali kinasimama kidogo kabla ya kushuka. Mchezaji naye hivyo hivyo. Kwenye kilele cha mruko yuko karibu ametulia, na 1/125 inaweza kumtosha. Siri ni kukijua kilele kinakuja lini.

Utakijuaje? Kwa kuijua ngoma yenyewe. Hakuna kamera inayouzwa na maarifa hayo ndani. Kwenye sindimba ya Wamakonde kazi iko kiunoni, mtu akikukazania uso amekosa habari. Kwenye bugobogobo ya Wasukuma majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo, nawe unangoja pale yanapofika juu. Mpiga ngoma anabadilisha mapigo kabla mchezaji hajabadilisha mtindo, kwa hiyo ukisikiliza ngoma utajua kinachokuja kabla hakijaonekana. Mpiga picha aliyeziba masikio ni kipofu nusu. Ndiyo maana nasisitiza: nenda kwenye mazoezi. Kaa chini, weka kamera begani, tazama mara ya kwanza bila kupiga hata moja. Mara ya pili ndipo upige.

Na pale ambapo mwanga umegoma kabisa? Teremsha kasi mpaka 1/30, shikilia kamera imara au iweke kwenye miguu mitatu, uuache mwili uache mkia kwenye picha. Wapo watakaosema picha imetetereka. Lakini dansi ni mwendo! Picha inayoonyesha mwendo inaonyesha dansi, na ile iliyomgandisha mtu kama samaki wa kwenye friza haina sababu ya kuringa.

Chenga si dhambi

Najua tatizo kubwa liko wapi, liko mezani kwa mhariri. Kuna gazeti moja nililowahi kulipelekea picha za dansi zilizopigwa kwa mwanga wa jukwaani peke yake. Zikarudi na maelezo ya maneno mawili: "zina chenga." Kesho yake likachapisha picha nyingine ya onyesho lile lile, ya flashi, mchezaji mweupe kama mzimu, macho yamemtoka. Safi kabisa, na haikuwa na ngoma ndani yake.

Ningependa wahariri wetu wamjue Alexey Brodovitch. Huyu alizaliwa Urusi, akaenda kuwa mkurugenzi wa sanaa wa jarida la Harper's Bazaar kule Marekani kuanzia mwaka 1934, mtu aliyejua usafi wa ukurasa kuliko karibu kila mtu wa zama zake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 alikwenda kupiga picha maonyesho ya baleti jijini New York kwa kamera ndogo ya filamu ya milimita 35, bila flashi. Filamu za wakati ule zilikuwa nzito mno kuhisi mwanga, hazisogelei hata simu yako. Picha zikatoka na chenga, zimetetereka, taa zimevuja, miili imeyeyuka kwenye weusi. Hakuzitupa. Mwaka 1945 alizitoa kama kitabu kiitwacho Ballet, na leo ni miongoni mwa vitabu vinavyoheshimiwa sana katika historia ya upigaji picha. Ukizitazama unasikia jukwaa linavyohema.

Kwa upande mwingine yupo Barbara Morgan, aliyempiga picha mcheza dansi Martha Graham na kuchapisha kitabu chao mwaka 1941. Picha zake ni kali, safi, zimewashwa taa kwa ustadi mkubwa. Lakini yeye aliwapeleka wachezaji studio, wakakubaliana, wakaicheza ngoma upya kwa ajili ya kamera, kwa taa alizozipanga yeye. Hiyo nayo ni haki. Sigombani na taa za mpiga picha zilizokubaliwa na mchezaji. Nagombana na zile zinazovamia onyesho la mtu mwingine.

Kwa hiyo njia ni mbili, na zote zina heshima. Ama ukubali mwanga wa jukwaa ulivyo, ama umwombe mchezaji siku nyingine upange wako. Hii ya tatu tuliyojizoesha, ya kukaa safu ya tano na kufyatua, sijui tuliitoa wapi.

Kisingizio kimekufa

Zamani kidogo, tulipokuwa na vikamera vya kidijitali vya megapikseli tatu, mtu angeweza kujitetea. ISO 800 ilikuwa balaa, picha inatoka kama televisheni isiyo na antena. Leo utetezi huo hauna miguu. Kamera za kizazi kipya zisizo na kioo ndani zinakuonyesha picha jinsi itakavyokuwa kabla hujabonyeza, na zinapiga kimya bila hata mlio wa shata. (Hapo chunga: ukimya wa shata ya kielektroniki pamoja na taa za LED unaweza kukuletea mistari mistari kwenye picha, kwa hiyo jaribu mapema.) Aprili 2023 Adobe waliongeza kwenye programu ya Lightroom kitufe cha kusafisha chenga kwa akili mnemba, na wengine wana vya kwao. Vitumike kwa kiasi, maana ukisafisha kupita kipimo ngozi ya mtu inakuwa kama plastiki. Lakini "picha ina chenga" si hukumu ya kifo tena.

Na simu je? Simu nazo zimepiga hatua. Mwaka 2018 Google walileta kwenye simu za Pixel mfumo wa kupigia picha gizani, na wengine wana mifumo kama hiyo. Ila ujue unavyofanya kazi: simu inapiga picha kadhaa mfululizo, halafu inaziunganisha kuwa moja. Kwa jengo au kwa rafiki aliyekaa kwenye kiti, bomba sana. Kwa mcheza ngoma anayeruka, anaweza kutoka bila mguu au kama pepo. Mwenye simu naye hana budi kufuata sheria ile ile: zima flashi, punguza mwanga wa kioo, sogea karibu kabla onyesho halijaanza, ngoja kilele, piga moja, weka simu mfukoni. Utazame ngoma uliyoilipia.

Kwa nini nipige kelele kwa jambo dogo?

Kwa sababu si dogo, wadau. Mwandishi wa riwaya akifa anaacha kitabu. Mwanamuziki anaacha kanda na sidii. Mcheza ngoma mwenye umri wa miaka 60, aliyeruka jukwaani ujana wake wote, anaacha nini? Ngoma iliyochezwa jana haipo tena, imekwenda na usiku wake. Kinachobaki ni kumbukumbu za waliokuwepo, video kidogo kama ipo, na picha.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Vizazi na vizazi vya wachezaji vimepita pale. Ukumbi wake mkubwa uliteketea kwa moto mwaka 2002, ukajengwa upya. Jengo likiungua unaweza kulijenga tena kwa ramani. Usiku mmoja wa ngoma ukipita bila kushuhudiwa vizuri, hauna ramani. Majirani zetu wa Kenya wanajua uzito huo: isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa nchi hiyo, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma inaweza kupotea. Na ikipotea, wajukuu watatufungulia picha zetu kutafuta ilikuwaje. Watakuta nini? Watu waliomulikwa tochi?

Kuna la leo leo pia. Kijana anayecheza dansi akitaka kuomba nafasi kwenye tamasha la nje, au mafunzo, au ufadhili, anaombwa picha za kazi zake. Picha hizo ndizo cheti chake. Anaonekana mbele ya watu wasiomjua kwa sura tuliyompa sisi. Tukimpa picha ya flashi, tumemwandikia barua mbaya ya utambulisho bila yeye kujua. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mwenye noti anatunza kwa noti, mwenye khanga anatunza kwa khanga. Mwenye kamera anatunza kwa picha ya haki.

Sasa tufanyeje?

Waandaaji wa maonyesho, mna dawa mkononi. Tangazeni kabla ya pazia kufunguka kwamba flashi hairuhusiwi, na anayetangaza aseme sababu, maana watu wetu si wakaidi wakielezwa. Halafu tufungulieni mlango siku ya mazoezi ya mwisho, yale ya mavazi na taa kamili. Pale tutazunguka, tutasogea, hatutamziba mtu. Gharama yake kwenu ni viti vichache vya bure siku ambayo ukumbi uko mtupu. Faida yake ni picha za matangazo ya mwaka mzima.

Wahariri, nawaomba mtofautishe picha mbovu na picha yenye giza. Na tafadhali, chini ya picha wekeni jina la mchezaji. "Kikundi cha ngoma kikitumbuiza mbele ya mgeni rasmi" si maelezo, ni uvivu. Mgeni rasmi ana jina, mchezaji hana?

Wenzangu wa kamera, najua hoja yenu nyingine: mhariri anataka ya mgeni rasmi meza kuu, na saa nne usiku kurasa zinafungwa. Sawa. Mpige mgeni rasmi kwa flashi kabla onyesho halijaanza au baada ya kwisha, taa za ukumbi zikiwa zimewashwa, yeye atafurahi na wewe utaila posho yako kwa amani. Ngoma ya mchana uwanjani, jua likiwa limetia kivuli usoni, flashi kidogo nayo inasaidia na haimpofushi mtu. Sisemi muitupe baharini. Ninachosema ni kwamba taa za ukumbi zikizimwa na za jukwaani zikiwaka, kuna mtu mwingine ameshachukua usukani wa mwanga, na sisi ni abiria.

Mwenye mawazo tofauti alete, tubishane kwa hoja. Hasa ningependa kuwasikia mafundi taa, maana nyinyi ndio mnaofutiwa kazi kila usiku na hamsemi.

Kwa leo niishie hapa. Tukutane ukumbini, gizani, flashi zikiwa zimezimwa.